Hivi kwa nini mchezaji staa ukikutana naye ana kwa ana anaonekana mdogo kuliko kwenye TV? Nyumbani tunabishana siku ya tatu

#1 MamaMikoba
Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie manake mimi na mume wangu tumebishana tangu juzi na hakuna anayekubali kushindwa. Tulikuwa safarini, tumeshuka ndege ya kwanza tunasubiri ya pili, masaa manne kwenye vile viti vya chuma vilivyowekewa mikono katikati ili mtu asijinyooshe. Mara mume wangu akanifinya mkono akaninong'oneza "usigeuke". Sasa ukiambiwa usigeuke utafanyaje, nikageuka. Alikuwa mchezaji mpira, na sio wa kubahatisha, mume wangu anajua mpaka goli lipi alifunga kwa mguu gani. Jina silitaji, alikuwa na mkewe na watoto na sioni sababu ya kuwaanika hapa. Kitu cha kwanza kunitoka mdomoni kilikuwa "mbona mdogo hivi?" Sio umri, umbo! Kwenye TV yule mtu anajaa kioo kizima, mabega kama kabati. Pale nikamuona kijana wa kawaida kabisa, kofia imefunika macho, amepiga magoti sakafuni anapambana na kigari cha mtoto kilichokataa kukunjika.

Mume wangu anasema jamaa ni yuleyule, tatizo macho yangu. Mimi nasema kuna kitu TV inatufanyia. Nani yuko sahihi? Na swali la pili, yeye alitaka kwenda kuomba picha nikamzuia, mpaka leo nahisi ana kinyongo kidogo. Nilikosea?

#2 Kiatu Namba 9
Wa kwanza leo. Dada inategemea ni staa gani, wengine ni wadogo kweli na sio TV. Messi ana sentimita 169 tu. Ungekutana naye ungesema mbona TV inanipa ukweli.

#3 Refa Msaidizi
#2 Messi ni 170, usimpunguze hata sentimita moja maana anazihitaji zote. Ronaldo ndiye 187. Bolt 195. Mleta mada tupe hata kidokezo, ni wa kundi la Messi au la Ronaldo?

#4 MamaMikoba
Katikati. Hapo hapo msinichimbe zaidi 😄

#5 Lenzi Ndefu
Mimi kazi yangu ni kupiga picha za mechi kwa hiyo niruhusuni niseme kwa kirefu. Dada una haki. Kamera kuu ya mechi ya mpira inakaa juu jukwaani usawa wa mstari wa katikati ili ione uwanja mpana, na kutoka kule juu wachezaji wote ni sisimizi, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Ukubwa unatoka kwenye zile picha za karibu, akifunga, akilalamika, akifuta jasho. Hizo zinapigwa na kamera za chini pembeni mwa uwanja. Mimi mwenyewe nakaa kwenye kistuli kifupi, lenzi yangu iko usawa wa goti la mchezaji. Ukimpiga mtu kutoka chini anakua, miguu inarefuka, kidevu kinatoka kama cha sanamu. Halafu lenzi ndefu ina tabia ya kuvuta vitu pamoja, beki aliye mita kumi nyuma utadhani anampumulia shingoni, na nyuma yake watu wa jukwaani wamekuwa ukungu tu, kwa hiyo hakuna kitu kinachokupa kipimo, mtu mmoja kajaa fremu nzima.

Sasa wewe umemuona amepiga magoti sakafuni. Yaani kamera yako ilikuwa juu na yeye chini. Kati ya pembe zote za kumtazama binadamu ulipata ile inayompunguza kuliko zote.

#6 Tulizo la Moyo
#5 mkuu umenifungua macho, ndo maana mimi kwenye picha za harusi yangu niko mfupi, mpiga picha alipanda kiti.

#7 Lenzi Ndefu
#6 alipanda kiti ili awapate wageni wote. Mpiga picha mzuri wa maharusi anachuchumaa.

#8 Refa Msaidizi
Niongeze kwa #5. Jicho halina rula, linapima kwa kulinganisha na kitu kilichopo karibu. Goli la mpira lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, kwa hiyo kipa wa mita moja na tisini akisimama pale katikati anaonekana katoto. Kikapu kipo mita 3.05 na wale jamaa wanaining'inia ringi kama wanachuma embe, lakini kwa kuwa wote warefu unawaona wa kawaida tu mpaka asimame mtangazaji katikati yao ndipo unashtuka. Msimu wa 1987/88 timu ya Washington ilikuwa na Muggsy Bogues wa sentimita 160 na Manute Bol wa sentimita 231 kwenye kikosi kimoja. Tafuteni picha yao wamesimama pamoja, utafikiri mmoja amebandikwa. Na huyo Bogues amecheza NBA misimu 14, hivyo mfupi sio tusi.

#9 Kipa Mstaafu
Naona mke wangu ameamua kunifikisha mbele ya jopo. Salaam kwenu wote. Marekebisho mawili. Moja, yalikuwa masaa matatu sio manne, saa moja tuliimaliza kwenye foleni ya ukaguzi kwa sababu kuna mtu alisahau chupa ya maji kwenye begi la mkononi. Mbili, mimi sina kinyongo. Nilinyamaza tu.

#10 MamaMikoba
Ulinyamaza kuanzia pale mpaka ndege ilipotua.

#11 Shangazi Mdogo
Karibu shemeji #9, ulipotea wapi siku zote. Chupa ya nani?

#12 Kipa Mstaafu
#11 ya kwangu. Lakini begi alipanga yeye.

#13 Kiatu Namba 9
Hahaha huu uzi nauweka alama naurudia jioni.

#14 Mwalimu wa Zamu
Mnazungumzia kamera tu, mimi naona jambo lipo kichwani. Mwaka 1968 huko Australia mwanasaikolojia Paul Wilson alifanya jaribio zuri sana. Alimleta mtu mmoja mbele ya madarasa tofauti. Darasa hili likaambiwa huyu ni mwanafunzi, darasa lile likaambiwa ni mhadhiri, jingine likaambiwa ni profesa kutoka Cambridge. Akishatoka, wanafunzi wanaombwa wakadirie urefu wake. Mtu ni yuleyule, lakini kila cheo kilipopanda naye alirefuka, kati ya "mwanafunzi" na "profesa" tofauti ilizidi sentimita 5. Hakuna lenzi hapo, hakuna kamera ya chini. Ni heshima tu inanyoosha watu. Kwa hiyo dada ulikuwa umemjengea urefu sebuleni kwako miaka yote, na uwanjani ndege ukakutana na ule wa mwilini.

#15 Mchana Nyavu
#14 nakupinga kidogo mwalimu. Kama heshima inarefusha basi alipomuona uso kwa uso angemuona MREFU, maana alishajua ni nani, mume wake alishamwambia. Hao wanafunzi walimuona profesa kwa macho yao na bado wakamrefusha. Nadharia yako inatakiwa itoe jibu la kinyume.

#16 Mwalimu wa Zamu
#15 hoja nzuri, naikubali nusu. Lakini profesa alikuja kama profesa, kasimama mbele ya darasa, watu wametulia. Huyu cheo chake alikiacha uwanjani. Kofia, magoti, kigari. Unampa heshima ya nini mtu anayepigana na kigari?

#17 Bibi wa Stesheni
Mimi hapo ndipo ningempa heshima yote. Wangapi wanamwachia mke?

#18 Shangazi Mdogo
#17 umesema kweli mama yangu.

#19 Fundi Saa
Wote mmesahau uchovu wa safari. Ndani ya ndege hewa imepunguzwa presha, mwili unajiona kama uko mlimani kwenye mita 1,800 mpaka 2,400, na hewa yenyewe kavu, unyevu chini ya asilimia 20. Miguu inavimba, midomo inakauka, mtu anakunja mabega. Ukivuka majira ndo balaa, na kwenda mashariki kunaumiza zaidi kuliko magharibi kwa sababu saa ya mwili kwa watu wengi ni ndefu kidogo kuliko masaa 24, kwa hiyo kuchelewa kulala inaweza, kuwahi kulala inagoma. Huyo staa wenu pengine alitoka kucheza, akapanda ndege, akashushwa na watoto wawili wanaolia. Hata wewe mleta mada ungepigwa picha saa ile usingejitambua.

Na kuna hili, mtu yeyote asubuhi ni mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja hivi au zaidi, zile pedi laini katikati ya pingili za uti wa mgongo zinabanwa mchana kutwa halafu usiku ukilala zinajaa tena. Ilikuwa saa ngapi?

#20 MamaMikoba
#19 ilikuwa jioni. Ila sentimita moja tu mkuu? Mimi nazungumzia mtu aliyepungua robo nzima.

#21 Kipa Mstaafu
Hajapungua. Nasema tena hajapungua.

#22 Mkimbiaji Taratibu
Mimi uzoefu wangu ni wa mbio ndefu na kule ni kinyume cha mpira, hakuna anayedhani ni wakubwa na bado ukiwaona karibu unashangaa. Kipchoge ana sentimita 167 na kilo zaidi kidogo ya 50. Huyu ndiye aliyekimbia kilomita 42.195 kwa 1:59:40 pale Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Niliwahi kusimama kwenye kamba pembeni ya barabara wakati kundi la mbele la mbio fulani likipita, kilichonishtua sio udogo, ni ukimya. Unasikia viatu tu, tap tap tap, halafu upepo, halafu wameondoka. Kwenye TV gari la kamera linakwenda sambamba nao kwa mwendo uleule kwa hiyo unaona kama wanajogi. Ukiwaona barabarani ndo unajua wale watu wanaruka.

Kwa hiyo TV haikuzi tu, na yenyewe inapunguza. Ilipunguza spidi.

#23 Lenzi Ndefu
#22 hii naikubali asilimia mia.

#24 Bibi wa Stesheni
Na huyo Kipchoge pale kambini Kaptagat wanapeana zamu za usafi, naye anashika fagio na kusafisha choo kama wenzake wote. Mtu ana dhahabu mbili za Olimpiki za marathoni. Mwanangu wa kiume nikimwambia aoshe kikombe alichonywea ananitazama kama nimemwonea.

#25 Tulizo la Moyo
Mimi swali la pili la mleta mada ndo limenigusa zaidi. Kuomba picha au kumwacha? Mimi ningeomba. Hawa watu umaarufu wao umejengwa na sisi, tumenunua jezi, tumekesha usiku wa manane, tumelia wakikosa penalti. Dakika moja ya picha ni nini?

#26 Mchana Nyavu
Dakika moja yako, na dakika moja ya yule wa pili, na ya kumi na ishirini. Ukimsimamisha wewe, korido nzima inajua ni yeye.

#27 Mhudumu wa Geti
Nimesoma kimya toka juzi, hapa nimeshindwa. Nafanya kazi uwanja wa ndege, sisemi upi. Wanapita hawa watu kila wiki. Ishara zao nazijua. Wanavaa zile spika kubwa za masikioni na mara nyingi hazipigi kitu, nimewahi kusimama karibu na mmoja namkagulia pasi ya kupandia, kimya kabisa, waya wenyewe unaning'inia haujachomekwa popote. Ni mlango amejifungia. Wanatembea haraka wakitazama simu. Lakini wakiwa na watoto hawawezi kuvaa spika wala kutembea haraka, na hapo ndipo watu wanawavamia, kwa sababu hapo ndipo wanashikika. Hilo linaniuma. Dada ulifanya vizuri kumzuia.

Ila pia nimeona wanaofurahi. Wengine ukiwasalimia jina lao tu kwa upole na ukaendelea na shughuli zako, uso unafunguka.

#28 Mwalimu wa Zamu
#27 asante, huu ndio ushahidi. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu jambo hili, kwamba TV na redio zinakupa urafiki wa upande mmoja. Unamjua mtu, unajua akikasirika anauma ulimi, yeye hakujui hata kivuli. Kwa hiyo mnapokutana wewe unamuona rafiki wa miaka kumi na yeye anamuona mtu asiyemjua anayemjia mbio. Wote wawili wako sahihi.

#29 Kiatu Namba 9
Na kuna Kanté, enzi zake yuko Chelsea! Alichelewa ndege akaenda kulala nyumbani kwa shabiki. Huyo ndo binadamu.

#30 Refa Msaidizi
#29 hukosi kukosea mdogo wangu 😄 Haikuwa ndege, ilikuwa treni, ile ya Eurostar ya kwenda Paris, Septemba 2018, na hakulala. Alikosa treni London, akaenda kuswali msikiti wa jirani na stesheni, huko akakutana na vijana, mmoja wao shabiki wa ARSENAL sio hata Chelsea, akamwalika nyumbani. Wakala kari, wakacheza gemu la FIFA, wakaangalia mechi za siku ile kwenye TV ambazo mojawapo alicheza yeye mwenyewe. Mchana wake alikuwa uwanjani, jioni yuko kwenye kochi la mtu anajiangalia.

#31 MamaMikoba
#30 hii imenifurahisha sana jamani. Sasa fikiria uko kwenye kochi, unamuona kwenye kioo kajaa, ukigeuza shingo yuko hapo pembeni anakula. Huyo mwenye nyumba ndiye mtu pekee anayeweza kujibu swali langu!

#32 Lenzi Ndefu
Kanté ana sentimita 168 hivi. Kwenye kioo alikuwa mdogo vilevile.

#33 Shangazi Mdogo
Tukiwa kwenye safari, nani anajua mastaa wanaoogopa ndege? Mume wangu anaogopa na anaona aibu kusema, ndege ikianza kukimbia ananishika mkono mpaka pete inaniingia.

#34 Mkimbiaji Taratibu
#33 mwambie hayuko peke yake, Bergkamp hajawahi kupanda ndege maisha yake yote na alikuwa mchezaji bora.

#35 Refa Msaidizi
Alipanda sana tu, mpaka 1994. Alikwenda Kombe la Dunia Marekani mwaka ule na Uholanzi, angefikaje bila ndege? Baada ya pale ndo akasema basi. Arsenal alicheza 1995 mpaka 2006 bila kuruka, mechi za ugenini Ulaya ama anakwenda kwa gari na treni au anabaki nyumbani. Lile goli lake dhidi ya Argentina 1998 lilikuwa Marseille, huko unafika kwa reli. Akastaafu timu ya taifa baada ya Euro 2000 kwa sababu Kombe la Dunia la 2002 lilikuwa Japani na Korea Kusini, hakuna namna ya kufika.

#36 Fundi Saa
Na Ali. Muhammad Ali anasimuliwa alipanda ndege na parachuti mgongoni alipokwenda kupigana na Foreman Kinshasa 1974.

#37 Refa Msaidizi
Parachuti ni ya 1960 mkuu, akienda Olimpiki ya Roma, bado anaitwa Cassius Clay, kijana wa miaka 18. Inasimuliwa aliinunua kwenye duka la mabaki ya jeshi. Akarudi na dhahabu. Kwa hiyo Shangazi Mdogo mwambie shemeji mkono wa mke ni parachuti nyepesi.

#38 Shangazi Mdogo
#37 nimemsomea. Amecheka, amesema sasa atanishika mikono yote miwili.

#39 Bibi wa Stesheni
Mimi napenda wale walioana wakiwa wote ndani ya michezo, manake wanaelewana safari. Mirka alikuwa mcheza tenisi, wakakutana na Federer Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Watoto mapacha wa kike 2009, mapacha wa kiume 2014. Watoto wanne, mashindano dunia nzima. Fikiria hayo mabegi tu. Steffi Graf ana mataji 22 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, ya mmoja mmoja na Agassi 8, jumla 30 chini ya paa moja, na lazima kuna asubuhi mmoja anauliza nani kaweka wapi chaja.

#40 Tulizo la Moyo
Na Messi na Antonela walijuana wadogo kabisa kule Rosario, wakaoana hapohapo Rosario 2017. Alimjua kabla hajawa mkubwa kwa hiyo kwake hana ukubwa wa TV. Nadhani hilo ndilo linawasaidia.

#41 Kipa Mstaafu
Wakuu, nimekaa na hili jambo na sasa mmenifikisha mahali siwezi kulibakiza. Mke wangu atalisoma hapa hapa, naomba asinikasirikie.

Ulipokwenda chooni na kuniachia mabegi, sikukaa. Kigari kilikuwa bado. Mkewe ana mtoto mmoja amelala begani, mwingine anavuta mkia wa begi, na yeye kila akibonya kitufe upande mmoja upande wa pili unafunguka. Nikasogea nikamuuliza nishike? Akasema tafadhali. Nikashika gurudumu, akabonya, kikagoma tena. Nikainama nikaona kwenye bawaba kuna kitu cheupe. Ilikuwa soksi ya mtoto, imenasa, ndogo kama kidole gumba changu. Nikaivuta ikatoka, kigari kikajikunja chenyewe kwa kishindo. Akaichukua ile soksi akainyanyua juu akamwonyesha mkewe, mkono umenyooka kabisa, kama refa anayetoa kadi. Mkewe alicheka mpaka mtoto akaamka. Wakanishukuru, wakaondoka.

Picha sikuomba. Sikukumbuka.

Na tuliposimama nilikuwa naye bega kwa bega. Mimi nina sentimita 178 na yeye alinizidi kidogo. Ndo maana nasema hajapungua, nilimpima kwa bega langu.

#42 Mchana Nyavu
Aisee.

#43 Mhudumu wa Geti
#41 kaka umenitoa machozi na niko zamu.

#44 Kiatu Namba 9
Mleta mada uko wapiiii

#45 MamaMikoba
Nipo. Nimesoma mara tatu nikaenda chumbani nikamkuta amejifanya amelala.

SIKU TATU! Siku tatu ananiambia "hajapungua" na hasemi amejuaje. Nilidhani kanuna kwa sababu ya picha, kumbe alikuwa ameshikilia ile soksi moyoni. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, akasema "nilitaka iwe yangu kidogo kabla haijawa hadithi". Sijui hata nimjibu nini. Nimefurahi na nimeumia kidogo kwa pamoja, na sijakasirika.

#46 Shangazi Mdogo
Usimkasirikie wifi. Huyo ni mume wa kumtunza.

#47 Lenzi Ndefu
Kitaalamu sasa, #41 alikuwa pembeni yake wima, usawa wa macho, kwa hiyo alipata kipimo cha kweli. Dada alikuwa amekaa mbali, jamaa kapiga magoti. Nadharia yangu inasimama.

#48 Mwalimu wa Zamu
#47 au tuseme alimsogelea kwa heshima akamuona mrefu! Sentimita 178 kwa bega, bila rula? Jaribio la 1968 linarudi kwa mlango wa nyuma.

#49 Fundi Saa
Na ilikuwa jioni, wote wawili walikuwa wamepungua, kwa hiyo tofauti inabaki ileile. Hii haithibitishi chochote.

#50 Mchana Nyavu
Mleta mada, sasa na wewe unasemaje, mdogo au sio mdogo?

#51 MamaMikoba
Mdogo. Nilichokiona nilikiona. Ila mume wangu ameniomba tumwite "wa saizi yake" na hapo tumeachia kwa leo.

Jumamosi tunarudi, ndege mbili tena. Kiti cha dirishani siku zote anakaa yeye, anasema lazima aone bawa. Nimemwambia safari hii nakaa mimi, na akiona mtu anayemjua asininong'oneze usigeuke, anitume chooni moja kwa moja.

#52 Kipa Mstaafu
Dirisha nimekubali kwenda. Kurudi ndege ya pili tutaongea.

#53 MamaMikoba
Hiyo NDIYO kurudi.